Jina la Esnah Kwenye Kipaza Sauti

Mjini Kisii, ukitaka sare ya shule isiyomkaba mtoto shingo, ulienda kwa Persis. Angemtazama mwanao mara moja tu, awe na shingo kama ya kuku au ya fahali, asiguse hata tepu ya kupimia, na Jumatatu shati lingemkaa kana kwamba limemea mwilini. Alishonea kwenye baraza la duka la vitambaa la Asli. Hakuna aliyewahi kumrudishia kola. Na kabla ya kukata kitambaa alikipima mara mbili, hata kile kipande cha kuzibia mfuko.

Sasa hebu niambie: mtu wa namna hiyo alitiaje sahihi fomu tupu?

Binti yake, Edinah, alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kama mlingoti, na mpira wa kikapu ulimkaa mkononi kama chapati inavyokaa kwa mpishi. Nyumbani alimwita mama yake Baba. Usishangae. Kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, baba ndiye mama. Baba mwenyewe huitwa tata. Asli alikuwa Msomali mzaliwa wa mjini, na miaka kumi kwenye baraza moja haikumtosha kulizoea neno hilo.

"Abaayo," angesema, yaani dada, huku akikunja kitenge, "wewe umezaa, umenyonyesha, umelea, halafu unaitwa Baba? Na mzee wako aitwe nani, shangazi?"

"Aitwe akija," Persis angejibu, sindano mdomoni. Mumewe, Nyamongo, alifanya kazi ya ulinzi Nakuru na alirudi kwa nadra.

Kulikuwa na mtoto wa pili. Esnah. Alizaliwa miaka miwili baada ya Edinah, huko Nyansiongo kwa wazazi wa Nyamongo, na baridi ya Nyansiongo ikampa homa ya mapafu. Alikufa kabla hajafikisha miaka miwili. Neno pekee alilolisema wazi lilikuwa baba. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kimetoka mapema, kwa sababu Persis alikuwa mtu wa kufanya mambo mapema, na alipokizika kile kijitoto hakujua cheti kinapelekwa wapi. Akakirudisha kwenye bahasha ya kaki pamoja na vyeti vingine vya nyumba ile, na bahasha akaiweka juu ya kabati. Jina la Esnah halikutajwa ovyo tena. Likitajwa, watu walishusha sauti.

Kocha Job alikuja barazani mwishoni mwa likizo ya Aprili. Kijana wa miaka thelathini na kitu, filimbi shingoni, viatu vyeupe pepepe katika mji wenye tope la kufika kwenye goti. Persis alivitazama viatu vile akajiuliza mtu huyu anapita wapi.

"Mum Edinah," alisema, akitafuna kitu chenye harufu ya minti, "huyu mtoto wako ni dhahabu. Kuna ligi ya chipukizi. Shule kubwa kubwa zinatuma watu wa kuangalia. Mtoto akionekana, anachukuliwa, anasomeshwa bure. Mimi nahitaji cheti cha kuzaliwa na sahihi yako hapa. Ni hivyo tu."

Persis alikuwa amezungukwa na masweta, shule zikifunguliwa baada ya siku tatu. Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

"Ligi ya umri gani?"

"Makundi ni mawili, mum. Wadogo na wakubwa. Hayo niachie mimi."

Basi akamwachia. Akamwambia Edinah akachukue bahasha yote juu ya kabati ampe kocha atoe anachotaka. Fomu akaitia sahihi juu ya meza ya cherehani, nafasi zote zikiwa nyeupe, kidole chake kikiacha doa la mafuta ya mashine karibu na neno "mzazi". Jioni bahasha ilirudi. Hakuifungua. Angeifungua ya nini?

Hodan, binti wa Asli, naye alijiunga. Wiki ya pili tu alirudi nyumbani akilia kwa sababu kocha alimwambia hijabu inamfanya awe mzito. Asli alifunga duka mchana kweupe, akaenda mpaka uwanjani.

"Nilimwambia avue suruali yake kwanza tuone kama atakuwa mwepesi," alimsimulia Persis alivyorudi, akihema. "Walahi, alicheka. Mtu akitukanwa mbele ya watoto na akacheka, huyo muogope."

Persis alikubali kwa kichwa, na akaendelea kushona jezi za timu. Ndiyo, yeye ndiye aliyezishona. Jezi kumi na mbili za rangi ya chungwa, namba tu mgongoni, bila majina. Namba saba ya Edinah aliishona mishono miwili miwili ili isije ikabanduka.

Mwezi wa Mei alipata Jumamosi moja ya kwenda kutazama. Alidhani atapenda. Alitoka pale na ladha mbaya mdomoni, kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyochacha kwa heshima ya mwenyeji.

Watoto wenyewe walikuwa sawa. Ni watu wazima. Kwenye mstari wa uwanja alisimama Onyancha, baba wa mchezaji mmoja wa timu yao, akitafuna muwa, makapi akiyatema palepale watoto walipokuwa wakikimbia. Kila akitema, alipiga kelele. "Mvunje huyo! Mvunje mguu!" Huyo wa kuvunjwa alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitatu, mikono kama vijiti, na soksi zimemshuka. Msichana mwingine alitapikia nyuma ya benchi kwa kukimbizwa bila kula, na Kocha Job akamwambia afute mdomo arudi ndani. "Saba! Tisa! Nne!" aliita. Hakuna mtoto aliyeitwa kwa jina. Persis alidhani ndivyo mchezo ulivyo.

Aliona pia kwamba Edinah aliwapita wapinzani wote kwa kichwa kizima.

"Kocha, mbona wale ni wadogo hivyo?"

"Lishe, mum," Job alisema, minti ikinukia. "Sisi Kisii tunakula ndizi."

Wazazi walicheka. Persis naye alicheka kidogo. Baadaye kicheko hicho ndicho kilichomchoma kuliko mengine yote.

Fainali ikaangukia Nyansiongo, Jumamosi ya katikati ya Agosti. Uwanja ulikuwa wa shule iliyo chini ya mteremko, na juu ya mteremko, ukipita shamba la chai na zizi la ng'ombe, ndipo ulipo mji wa mama mkwe wake, Nyakerario. Persis alifurahi. Angemsalimia mkongwe, angepalilia kaburi la mtoto, halafu angeshuka kumtazama Edinah akishinda kikombe. Alifika Ijumaa. Asubuhi aling'oa magugu, akasawazisha udongo, akanawa mikono. Saa nne walikaa nje, yeye na Nyakerario, wakinywa chai ya maziwa na viazi vitamu. Kipaza sauti cha shule kilikuwa kimeanza kukoroma huko chini. Moja, mbili. Moja, mbili. Halafu sauti ya kijana ikaanza kutaja wachezaji, na kwa ule upepo wa asubuhi kila neno lilipanda mlima kama linasemwa uani.

"Timu ya Kisii! Namba nne, Hodan Gulled!"

"Huyo ni wa Asli," Persis alisema, akitabasamu.

"Namba saba, nahodha, Esnah Nyamongo!"

Watu walishangilia. Es-nah! Es-nah! Jina lilipanda, likapita juu ya chai, juu ya zizi, likapita juu ya kale kakaburi kalikotoka kupaliliwa.

Kikombe cha Nyakerario kilianguka. Hakikuvunjika, kilibingirika tu, chai ikamwagikia miguu yake, naye hakuiondoa miguu.

"Nani anamwita mtoto wangu?" aliuliza. Alikuwa amegeukia kaburini, si uwanjani. "Persis. Nani anamwita?"

Kiazi alichokuwa akitafuna Persis kiligeuka kuwa kitu kingine mdomoni, kitu chenye utelezi. Alikitema. Bahasha, alifikiri. Atoe anachotaka. Naye ametoa. Aliona vidole vya mtu yule, vyenye harufu ya minti, vikipekua vyeti vya nyumba yake kama mtu anayechagua nyanya, vikapita cheti cha aliye hai, vikasimama kwenye cha aliyekufa kwa sababu tarehe yake ililifaa kundi la wadogo. Miaka kumi na minne. Esnah angekuwa na miaka kumi na minne.

Alishuka ule mteremko miguu mitupu. Ndara zilibaki uani na hakukumbuka.

Chini, mchezo ulikuwa umeanza. Asli alimwona, akasogeza chupa yake ya chai ampe nafasi.

"Abaayo, kaa hapa. Mbona uso hivyo? Na viatu?"

"Asli, wewe ulijua wanamwita Edinah nani?"

"Esnah. Hodan aliniambia ndilo jina la daftarini." Asli alimtazama vizuri, na sauti ikapungua. "Nilidhani ni la ubatizo. Nyinyi Wakristo si mna majina matatu matatu? Kwani ni la nani?"

Persis alimwambia ni la nani. Asli aliweka mkono mdomoni. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kujua kwamba kulikuwa na mtoto wa pili.

Persis aliingia uwanjani. Hakuzunguka, hakungoja. Mpira ulidunda mbele yake, msichana wa Nyansiongo akamgonga begani, filimbi ikalia, na Edinah, aliyekuwa chini ya kikapu mikono juu, alimwona akaishusha polepole.

Refa alikuwa Haron, mtu wa kutoka Mombasa, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama mstari wa chaki. "Mama, tafadhali, utaumia. Toka nje ya mistari."

"Yule namba saba si Esnah," Persis alisema. "Esnah alikufa. Amezikwa pale juu. Huyu ni Edinah, ana miaka kumi na sita, mimi ndiye niliyemzaa na yule mwingine pia."

Kocha Job alikuja akikimbia kwa vile viatu vyake, tabasamu limewahi kufika kabla yake. Alimshika Persis kiwiko, akamvuta kando, akanong'ona.

"Mum. Mum, tulia. Wale watu wawili wenye kofia wametoka shule kubwa, wamekuja kwa sababu ya mtoto wako. Bado dakika thelathini tu. Cheti ni karatasi. Kwani nimemdhuru nani? Maiti haulizwi sanda."

Persis aliutazama mkono ule kwenye kiwiko chake. Ulikuwa na jasho.

"Sanda haulizwi," alisema. "Na jina je? Ulimwomba nani?"

Hapo tabasamu liliondoka. Job alimwachia, akamgeukia refa, akapaza sauti kila mtu asikie. "Ref, huyu mama simjui. Mzazi wa Esnah hayuko leo. Huyu amechanganyikiwa, watu wa hapa wanamjua. Tuendelee!"

Sema mwenyewe, msomaji: mtu aliyekula mandazi yako barazani, aliyekuita mum miezi minne. Na Persis alipogeuka kuwatafuta wazazi wenzake, wale aliowashonea watoto jezi, aliona jambo lililomtia kinyaa zaidi. Walikuwa wanatazama chini. Siyo wote, lakini wengi. Mmoja alikuwa ghafla na shughuli na kamba ya kiatu. Akaelewa kwamba bahasha yake haikuwa ya pekee.

Onyancha peke yake ndiye aliyeongea, na ingekuwa heri angenyamaza. Leo alikuwa na mahindi ya kuchoma, punje zimemganda kwenye ndevu.

"Wewe mama, si ungengoja filimbi ya mwisho? Mtoto si ameshakufa? Cheti kinamsaidia nini?"

"Onyancha!" Asli alifoka kutoka kwenye viti. "Funga huo mdomo, umejaa takataka!"

"Mimi nasema ukweli tu..."

"Sema na mahindi yako!"

Baadhi walicheka, kicheko cha woga. Refa Haron hakucheka. Alimwendea namba saba. Edinah alikuwa amesimama vilevile chini ya kikapu, mpira kiunoni, macho yakienda kwa kocha, yakienda kwa wale wawili wenye kofia, yakienda kwa wenzake wa jezi za chungwa waliokuwa wakiongoza kwa pointi sita. Hodan alikuwa analia tayari.

"Binti," Haron alisema, "usiogope. Kocha wako anasema huyu mama hamjui. Wewe je? Huyu ni nani wako?"

Kocha Job alikuwa anatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Persis aliona kwamba akisema neno moja sasa litakuwa ni kumvuta mtoto, na mtoto alikuwa amevutwa vya kutosha. Alisimama tu pale kwenye saruji baridi, miguu mitupu, udongo wa kaburi ungali chini ya kucha.

"Baba," Edinah alisema.

Haron alikunja uso. "Sikuulizi habari za baba yako, mwanangu. Nakuuliza huyu mama hapa."

"Ndiyo. Baba."

"Sasa baba yuko wapi?"

Kwenye meza ya waamuzi, kijana mwandika pointi aitwaye Eric, mzaliwa wa hapohapo Nyansiongo, aliinuka. Ndiye aliyelisoma lile jina kwenye kipaza sauti, na sasa alionekana kama anataka kulinawa mikononi. "Ref," alisema, "kwetu baba ndiye mama. Amesema huyu ni mama yake."

"Na jina lako?" Haron aliuliza, taratibu.

Edinah aliuweka mpira chini. "Edinah Nyamongo. Mimi ni wa elfu mbili na tisa."

Mengine yalikwenda haraka. Haron alipuliza filimbi, akapishanisha mikono juu ya kichwa, Kisii wakaondolewa, Nyansiongo wakapewa kikombe ambacho hawakukishangilia sana. Wale wawili wenye kofia walifunga daftari zao na kuondoka bila kumtazama mtu. Job alitupa filimbi yake kwenye nyasi, akatema minti miguuni pa Edinah, akasema, "Ningekufikisha mbali, wewe. Baki na cherehani." Halafu akaenda zake, na hata mtu mmoja hakumzuia wala kumwuliza, ila Asli, aliyemfuata mpaka getini akimwambia mambo ambayo hayafai kuandikwa. Persis alikwenda mezani akadai cheti. Eric alimpa kwa mikono miwili. Pamoja nacho alimwonyesha ile fomu. Kila nafasi sasa ilikuwa imejazwa mwandiko wa Job, jina la Esnah, tarehe ya Esnah, na chini kabisa sahihi yake mwenyewe Persis, na doa la mafuta.

Hapo ndipo kinyaa kilipomgeukia. Alikuwa amewachukia watu wote wale tangu saa nne, na hakuna hata mmoja aliyemshika mkono kuandika sahihi ile. Yeye wa kupima kitambaa mara mbili.

Walipanda mlima. Edinah alitembea mbele, kwa hasira, akikanyaga matope kana kwamba yamemkosea. Karibu na zizi alisimama.

"Aliniambia ungekubali ukijua," alisema, bila kugeuka. "Aliniambia nisikwambie mpaka tuchukuliwe, iwe sapraizi. Mwanzoni nilikuwa nasikia vibaya, Baba. Akiita jina kwenye orodha nilikuwa nachelewa. Akanifanyisha mazoezi ya kuitika."

"Mazoezi?"

"Ananiita Esnah, naitika. Nikikosa, nakimbia raundi. Mpaka nikazoea." Sasa aligeuka, uso umelowa. "Nilizoea. Juzi shuleni mwalimu aliita Edinah na mimi nikakaa kimya."

Persis alitamani kumkumbatia, na alitamani pia kumzaba kofi, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Vua hiyo jezi kabla hatujaingia kwa bibi yako."

Edinah alibaki na fulana yake ya ndani. Persis alikaa juu ya jiwe, akatoa wembe aliozoea kuubeba kwenye pindo la leso, akaanza kuifumua namba saba. Mishono miwili miwili. Ilichukua muda kuliko alivyofikiri; yeye mwenyewe alikuwa ameishona isibanduke. Ilipotoka, jezi ilibaki na alama ya saba iliyo nyeusi kidogo kuliko kitambaa kingine, na hiyo haikufumuka.

"Nitacheza tena?" Edinah aliuliza.

"Mwakani. Na wakubwa wenzako. Na fomu nitaisoma mimi, neno kwa neno, mbele ya huyo kocha, hata kama shule zinafunguliwa kesho."

"Kama watanichukua."

"Kama watakuchukua."

Kutoka uani sauti ya Nyakerario ilisikika, nyembamba, ya mtu aliyekuwa amelia na amemaliza. Alikuwa amewasha tena jiko.

"Edinah!"

Msichana aliendelea kuutazama uzi wa chungwa uliotapakaa kwenye nyasi. Persis alimtazama. Hakumsukuma, hakumwambia unaitwa. Alingoja tu, wembe mkononi.

"We Edinah!"

Kichwa kiliinuka.

"Ee," aliitika, na akaanza kupanda.